Mtafute wa Pili

Fanya jaribio hili asubuhi ya Julai, umande wa Ufipa ukiwa bado unauma miguu na moshi wa kuni ukitoka kila paa la Kizwite hapa Sumbawanga. Mimina chai ya rangi kwenye kikombe, ukijaze, ukiinue kwa mkono mmoja mpaka mdomoni. Kama haikumwagika hata tone, mshukuru Mungu na makala haya umpe jirani. Kama kikombe kimecheza, kikagonga meno, ukalazimika kukishika kwa mikono miwili na kugeukia ukutani ili mtoto asione, kaa hapa tuongee. Na kama chai hukuimimina kabisa, kwa sababu unajua kinachoutuliza mkono huo kinauzwa kwa mama pima nyumba ya tatu kutoka kwenu, basi wewe ndiye niliyekufuata.

Sikuja kukutukana. Umeshatukanwa vya kutosha, na wa kwanza kukutukana ni wewe mwenyewe. Nina swali moja tu: umeacha mara ngapi? Maana najua umeacha. Uliacha Jumatano ya Majivu, ukafika Jumapili ya tatu ya Kwaresima. Uliacha mtoto alipozaliwa. Uliacha siku ulipoamka mtaroni karibu na stendi ukiwa na kiatu kimoja. Ukaapa, tena kwa kumaanisha. Wiki ikapita, gunia likauzwa, jioni ikawa ndefu, na miguu ikaijua njia yenyewe. Watu wakasema huna nia. Mimi nasema nia ulikuwa nayo tele. Mtu asiye na nia haapi mara saba. Ila mara zote saba ulikuwa peke yako. Hapo ndipo palipo na kasoro, na ndipo pa kushika.

Hebu kumbuka ulivyojifunza kunywa. Ulezi unalowekwa, unafunikwa mpaka uchipue, unaanikwa, unasagwa, unapikwa, unapozwa, unaachwa uchachuke. Ni kazi ya siku kadhaa, na mikono ya kina mama haipumziki. Ikiiva, watu wanaitana. Kimpumu hakinywewi kwa kujificha. Ni kinywaji cha benchi, cha kupokezana, cha hadithi. Wazee wetu waliwaita majirani kulima na pombe ndiyo iliyokuwa shukrani. Pombe ilikuwepo kwenye harusi, ikawepo msibani, ikawepo ugomvi ulipomalizwa. Mtu mzima alikupa kopo la kwanza, wa pili akakucheka ulipokunja uso, wa tatu akakufundisha kulimaliza. Shule nzima ile! Leo ukitaka kuacha unaambiwa jifungie ndani, uume meno, uwe mwanaume. Ulifundishwa na kijiji kizima. Nani kakudanganya kwamba utaacha bila mtu hata mmoja?

Na mwisho wa ile shule unaukumbuka. Benchi lilipungua. Mmoja alihamia Tunduma, mwingine ini likamwondoa, mwingine akaokoka, siku hizi akikuona anavuka barabara. Ukabaki wewe, redio, na chupa ya gongo chini ya kitanda. Mtu aliyeanza kunywa ili awe na watu, pombe ikamwachia ukuta.

Kwa hiyo nilichokuja nacho ni kifupi: mtafute wa pili. Usitafute kumi. Usitafute ofisi yenye bango, wala usisubiri mradi wa wafadhili uje na magari yake meupe. Mmoja tu, ambaye naye mkono unamtetemeka au ulikuwa ukimtetemeka. Mkiwa wawili, mmeshakuwa kikundi.

Usidhani nakutia moyo kwa maneno ya mdomoni. Mei 1935, mtu mmoja wa masoko ya hisa kutoka New York, Bill Wilson, alikuwa amesimama kwenye ukumbi wa Hoteli ya Mayflower mjini Akron, Ohio, huko Marekani. Biashara iliyompeleka ilikuwa imekufa, mfukoni alikuwa karibu mtupu. Alikuwa na miezi mitano bila kugusa pombe. Upande mmoja wa ukumbi kulikuwa na baa, vicheko vinasikika. Upande mwingine kulikuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji. Aliyewahi kunywa anajua uzito wa zile hatua chache kati ya mlango wa baa na simu. Wilson alikwenda kwenye simu. Hakuomba hela, wala hakuomba aombewe. Aliomba aunganishwe na mlevi. Alikuwa ameshagundua jambo ambalo madaktari wake hawakumwambia: siku anayozungumza na mlevi mwenzake, yeye mwenyewe hanywi.

Akaunganishwa na daktari wa upasuaji wa mji ule, Robert Smith, mnywaji wa miaka mingi. Fikiria: daktari wa kisu, na mikono inamtetemeka. Walikutana Mei 12, Jumapili, saa kumi na moja jioni. Smith alikuwa na hang'ova mbaya, amekuja kwa kuvutwa na mkewe, akatoa sharti kabla hajakaa: dakika 15, basi. Walipoinuka kwenye viti ilikuwa imepita saa tano usiku.

Halafu, wiki chache baadaye, Smith aliteleza. Alisafiri kwenda kwenye mkutano wa madaktari Atlantic City, akalewa chakari, akarudishwa nyumbani akiwa hajiwezi. Wilson hakumfukuza. Kinywaji cha mwisho cha Smith kilikuwa Juni 10, 1935, na tarehe hiyo ndiyo inayohesabiwa mpaka leo kuwa siku ya kuzaliwa kwa Alcoholics Anonymous, chama kinachojulikana zaidi kwa kifupi, AA. Nakuomba usipapite haraka hapo. Hawakuchagua siku ya katiba wala siku ya kufungua ofisi. Walichagua siku mtu aliyeteleza alipoinuka. Wakiwa wawili walikwenda hospitali kumtafuta wa tatu, wakampata mwanasheria aliyelazwa kwa ulevi. Leo vikundi vyao viko katika nchi zipatazo 180, Dar es Salaam wapo, Nairobi wapo, na sharti la kuingia limebaki moja: uwe unataka kuacha. Ada hakuna. Hakuna anayekuuliza kabila, dini, wala uliiba nini ili upate ya kunywea.

Msomi wa Sumbawanga atasema hizo ni hadithi za Wamarekani, tupe takwimu. Zipo. Mwaka 2020 wataalamu wa Cochrane, mtandao unaopima tafiti za tiba, walichambua tafiti 27 zilizohusu watu 10,565. Kwenye tafiti bora kati ya hizo, baada ya mwaka mmoja, kati ya kila watu 100 walioelekezwa kwenye mikutano hii kwa utaratibu mzuri, 42 walikuwa hawagusi pombe kabisa. Kwa waliopewa matibabu mengine yanayojulikana, ni 35. Utaniambia 42 si 100. Ni kweli, wala sitakuuzia miujiza. Lakini mkulima wa Laela akiambiwa kuna mbegu inayoongeza gunia saba juu ya thelathini na tano, tena ya bure, hatauliza kwa nini si mia. Atauliza inapatikana wapi.

Na siri ya mikutano hii si ya ajabu. Mkeo unaweza kumdanganya, mchungaji ndiyo kabisa. Mtu aliyewahi kuficha chupa ndani ya gunia la maharage, akatafuna majani ya mpera ili harufu ikatike, akatembea kwa uangalifu mkubwa mbele ya wakwe kama anayevuka daraja la mti mmoja, huyo humdanganyi. Ukisema "nilipitia mara moja tu kuwasalimia," atacheka, nawe utacheka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka utakuwa umesema kweli bila kupigwa. Raha ya kutodanganya ni kubwa kuliko unavyokumbuka.

Lakini ngoja. Kabla ya kikundi kuna jambo la kitabibu, na nisipokuambia nitakuwa nimekuua kwa hamasa.

Kama unazimua kila asubuhi, yaani huwezi kuanza siku bila kopo la kutuliza mikono, usikate pombe ghafla ukiwa nyumbani peke yako. Mwili uliozoea pombe miaka mingi ukinyimwa kwa mshtuko unaweza kuasi. Saa chache za mwanzo ni jasho, kichefuchefu na moyo kwenda mbio. Ndani ya siku mbili kifafa kinaweza kuja hata kwa mtu asiyewahi kukiugua. Siku ya tatu au ya nne mwingine anaona wadudu ukutani, anazungumza na watu wasiokuwepo, anawaka homa. Mtaani watasema majini yamempanda, wamwite mganga, na mgonjwa afe na dawa ilikuwepo hospitali. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Rukwa, au kituo cha afya kilicho karibu, uulize huduma ya afya ya akili. Kuna dawa za kutuliza ambazo daktari anazipunguza siku hadi siku, na kuna vitamini B1, ambayo walevi wengi wameishiwa nayo mwilini, na ubongo bila hiyo unaharibika. Mwambie kiasi halisi. Usiseme "nakunywa kidogo kidogo." Sema unywacho, kipimo, na miaka. Ikizidi uwezo wao, njia ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inajulikana, na Mirembe ya Dodoma haipokei wendawazimu tu kama utani wetu unavyosema.

Kwa waliozoea kujibu kwamba pombe ni dawa ya baridi: mji wetu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, baridi tunaijua. Pombe inapanua mishipa ya ngozi, unahisi joto, kumbe joto la ndani ndilo linatoka nje. Ndiyo maana mlevi aliyelala nje usiku wa Juni huokotwa asubuhi amekauka. Koti ni dawa. Uji wa ulezi ni dawa. Tuendelee.

Utampata wapi huyo wa pili?

Unamjua tayari. Kila mtaa, uwe Katandala, Chanji, Majengo, Izia au Mazwi, una mtu ambaye watu wakimtaja husema "yule alikuwa anakunywa huyo, usiombe." Alikuwa. Dereva wa bodaboda, fundi cherehani, mzee wa kanisa la Moraviani, mama muuza dagaa sokoni. Umempita mara mia ukimwonea haya, au ukimwona anajidai. Huyo ndiye mwalimu wako, na nikuambie siri yake: anakuhitaji. Anajua asipomshika mwingine mkono, wake utaanza tena kutetemeka. Ukimwendea hutakuwa unaomba sadaka. Utakuwa umempelekea dawa yake.

Ukikosa kabisa, uliza. Muulize muuguzi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, afisa ustawi wa jamii wa manispaa au halmashauri, katekista, imamu. Ila uliza kwa namna moja, usiyumbishwe: "Sitaki kusimamiwa. Naomba uniunganishe na mtu aliyeacha pombe." Muuguzi anawajua, kwa sababu waliwahi kulala kwenye kitanda chake. Padri anawajua. Atakayekupa mahubiri ya saa nzima badala ya jina la mtu, mshukuru, aga, nenda kwa anayefuata. Na kama una simu yenye bando, AA wana mikutano ya mtandaoni isiyolipiwa, mingi kwa Kiingereza; ni akiba nzuri kwa usiku mgumu, ingawa skrini haiwezi kuja kukugongea mlango.

Kuna wanaosema Mfipa hatoi siri zake mbele za watu. Nakataa. Oktoba 2004 dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi zilipoanza kutolewa bure na serikali, watu walikwenda kliniki za CTC kuzichukua kwa kujizungushia khanga mpaka machoni. Nani angeamini kwamba watu hao hao wangekuja kukaa kwenye mduara, kutajana, kukumbushana dawa, kuchangiana nauli, na kuwa na konga zao, yaani mabaraza yao ya wilaya? Walifanya hivyo, katika nchi hii hii. Na ukivuka kwenda Zanzibar, nyumba za upataji nafuu zinaendeshwa na vijana waliokuwa wenyewe kwenye heroini. Jambo la aibu likikaa katikati ya watu linapungua uzito, kama mzigo wa kuni unaobebwa na wengi.

Na jina la mji wetu, ambalo wageni wanalifanyia utani mpaka limetuchosha: sumba wanga, tupa uchawi. Sitalitania. Nitalitumia. Ni mara ngapi umesikia mlevi akisemewa kwamba amerogwa, amefungwa na wabaya wake, pombe si akili yake? Familia inauza mbuzi kumlipa mganga. Au mama wa watu ananunua unga usio na jina wa "kuachisha pombe," anamtilia mume kwenye uji bila kumwambia, anangoja. Mama, nakusihi, acha. Hujui ni nini, hujui kipimo, na siku akigundua hatakula tena mkononi mwako. Zipo dawa halali za kusaidia kuacha, na huandikwa na daktari kwa mtu anayejua anachomeza. Tuutupe uchawi kweli. Huu ni ugonjwa, na Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo milioni 2.6 vilivyosababishwa na pombe duniani kwa mwaka mmoja tu, 2019. Nani aliwaroga wote hao?

Serikali nayo imejaribu kwa upande wake. Machi 1, 2017 viroba, ile pombe kali ya vifuko, vilipigwa marufuku nchi nzima, na nilishangilia, kwa sababu nilikuwa nimeona viroba kwenye begi la mtoto wa shule. Lakini mnywaji mzoefu hakukaa na kiu hata siku mbili. Alihamia kwenye chupa au akarudi kwenye gongo, ambayo ilikuwa haramu tangu zamani na ikanyweka hivyo hivyo. Sheria inaweza kufunga duka. Haiwezi kuja kukaa nawe saa kumi na mbili jioni.

Na saa hiyo ndiyo siri ya kikundi kizuri. Wekeni mkutano wenu saa ile ile ambayo miguu inaijua njia ya kilabuni. Si asubuhi ya Jumamosi ambapo kila mtu ni mtakatifu. Mahali pawe darasa la shule baada ya vipindi, chumba cha kigango, uani kwa mtu asiyeuza pombe. Saa moja inatosha. Anaongea mmoja, wengine wananyamaza kabisa, hakuna kumkatiza, hakuna "mimi ningekuwa wewe." Akimaliza anashukuriwa, anaongea mwingine. Linalosemwa pale linafia pale. Anayelipeleka kijiweni ameua watu. Msianzishe michango mwezi wa kwanza, wala msichaguane mwenyekiti na mweka hazina. Nimeona vikundi vya nia njema vikifa kwa ugomvi wa daftari la fedha. Chungu cha chai, karanga kidogo kwa sababu mtu aliyeacha hutamani kutafuna, na kila mmoja aondoke na namba ya simu ya mwenzake.

Kitu kimoja kidogo ambacho nakupa kama zawadi: tafuta chupa tupu ya soda. Kila usiku unapolala hujanywa, tumbukiza punje moja ya mahindi. Punje, si zaidi. Usihesabu miaka, hesabu leo. Mnapokutana, kila mtu aje na chupa yake aitikise. Yenye punje nne inalia kwa sauti kali kuliko yenye mia tatu, na haki ya kushangiliwa zaidi ni yake.

Wazazi wetu walikuwa na kilimo chao cha ntumba. Mvua zikielekea kuisha, waliyapindua majani kwa jembe, wakayafukia ndani ya tuta la mviringo, wakayaacha yaoze humo humo. Mkulima mgeni alishangaa: badala ya kuchoma majani, mnayazika? Msimu uliofuata tuta lilisambazwa, ulezi ukapandwa juu ya ule uozo, ukastawi. Ndivyo ilivyo kwenye benchi la kikundi. Ile siku ya mtaroni, zile fedha za ada ulizokunywa, ile mimba ya mkeo uliyoikosea adabu. Usiyachome kwa kujifanya hayakutokea. Yasimulie. Kijana mwenye punje nne akikusikia, hapo ndipo majani yako yanapogeuka mbolea.

Sasa hatari kubwa ya Ufipa, ambayo kijitabu chochote cha nje hakiijui: fedha za mavuno. Kuanzia Julai magunia yanapangwa foleni kwenye vituo vya kununulia vya NFRA, wakala wa hifadhi ya chakula, wachuuzi wanapita vijijini Ntendo, Matai, Namanyere, na siku moja simu inalia: fedha imeingia. Umelima tangu Novemba, umevuta magugu kwenye matope, unastahili kujipongeza. Hapo ndipo mwaka mzima huanguka kwa usiku mmoja, kisha kwa wiki tatu. Kwa hiyo panga kabla. Siku ya malipo usiende peke yako. Nenda na wa pili. Lipeni mbolea ya msimu ujao siku hiyo hiyo, ada siku hiyo hiyo, bati siku hiyo hiyo. Mkirudi, nunueni nyama kilo mbili, mle na watoto. Mtoto aliyezoea kukimbia harufu yako ataiona sahani na atakuona wewe, na sidhani kama una pongezi nyingine unayoihitaji.

Nawe mama unayesoma haya kwa siri, kwa sababu mwanamume akilewa ni mlevi lakini mwanamke akilewa ni mjadala wa kata nzima: kikombe chako kinachoitwa cha chai nakifahamu. Wako wa pili awe mwanamke. Yupo, na anajificha kama wewe. Na kama wewe ndiye unayeipika, makopo ya kuonja yakawa mengi kuliko ya kuuza, sitakuambia kesho umwage mapipa, maana najua ni ada ya nani inayotoka humo. Nitakuambia uliambie kundi hivyo hivyo. Vichwa vitano vya wanawake waliokaa pamoja vimeshabuni biashara ngumu zaidi ya hii. Alizeti zipo, ngano ipo, na Sumbawanga haijawahi kushiba mandazi.

Utateleza? Huenda. Smith aliteleza, na yeye alikuwa daktari. Ukiteleza, usingoje ulevi uishe, usingoje Jumatatu, usingoje upate nguo safi ya kwenda nayo. Piga simu usiku huo huo ulimi ukiwa mzito, useme maneno matatu: nimeteleza, niko hai. Mwenzako asikuhoji. Aje, au akuambie utakapomkuta asubuhi. Chupa ya mahindi usiimwage. Punje zilizomo ni siku ulizoziishi kweli, pombe ya jana haiwezi kuzinywa.

Tangu ulipoanza kusoma kuna jina la mtu limekujia, ukalifukuza, likarudi. Namba yake unayo, au unajua kijiwe chake. Usingoje hadi uweze kueleza maisha yako yote, hutaweza, na hatakuwa na muda. Shika simu mkono ungali unatetemeka. Msalimie kwa heshima yake, kisha mwombe dakika kumi na tano.